Jina la Kumi na Moja

Kazi yangu ni kutunza majina. Mkataba wangu wa ajira unasema mimi ni mtunza hesabu, na hesabu ninatunza kweli, lakini nusu ya siku zangu ofisini huishia kwenye daftari la wamiliki. Naandika waliofariki, natafuta warithi wao, nafungua bahasha zilizorudishwa na posta kwa sababu mpokeaji hajulikani alipo. Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya marae, yaani uwanja na nyumba ya mikutano ya ukoo, pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand. Dirisha langu linatazama banda la kukamulia ng'ombe, na nikifika mapema hukuta lori la maziwa likiondoka.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja nchi hii kumfuata mume wangu, nikasomea uhasibu upya, na miaka kumi na miwili iliyopita nikaajiriwa na amana hii ya ardhi ya Wamaori. Naiita amana, lakini mtu wa pwani ataielewa upesi nikimwambia kwamba inakaribiana na wakfu: ardhi haiuzwi ovyo, wadhamini wanaisimamia, na faida inawarudia wenye haki. Ila wenye haki wetu ni zaidi ya elfu moja, kila mmoja ameandikwa kwa jina lake na kwa hisa zake, na hisa zenyewe zina nukta na tarakimu nyingi nyuma ya nukta.

Nichukue ukurasa mmoja tu. Juu kabisa kuna bibi aliyefariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ameacha watoto wanane. Wanane wale nao wamezaa, wengine sita, wengine kumi. Ukiteremka na kidole hadi chini ya ukurasa unamkuta kitukuu anayeishi Australia, ambaye hisa yake ukiipima kwenye udongo haizidi jamvi la kukalia watu wawili. Gawio lake la mwaka halinunui mkate. Kati ya bibi na kitukuu huyo yapo majina ambayo nina hakika ni ya marehemu, maana wangekuwa hai wangekuwa na miaka 130, lakini hakuna aliyekwenda mahakamani kufungua mirathi, kwa hiyo katika daftari wangali hai, na fedha zao nazitunza.

Ardhi ya namna hii iliyobaki mikononi mwa Wamaori ni takriban hekta milioni 1.4, kama asilimia 5 ya nchi nzima. Tarehe 6 Februari 1840, machifu wa kwanza walipotia sahihi Mkataba wa Waitangi na mwakilishi wa Malkia Victoria, karibu nchi yote ilikuwa yao. Nyingine ilinunuliwa na serikali kwa bei ya kutupa. Nyingine ilitaifishwa kwa sheria ya 1863 baada ya vita kati ya serikali na baadhi ya makabila ya Wamaori, hasa Waikato na Taranaki. Lakini sehemu kubwa iliyobaki iliondoka kwa njia ya kalamu, na hiyo ndiyo ninayoweza kuitolea ushahidi, kwa kuwa kalamu ile ile ndiyo niliyoishika leo.

Mwaka 1865 iliundwa Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji. Kazi yake ilikuwa kuchukua ardhi ya ukoo, iliyoshikwa na watu wengi kwa haki zilizopishana, na kuigeuza hati kama za Waingereza. Kwa kitalu kisichofika ekari 5,000, sheria iliruhusu majina yasiyozidi kumi kwenye hati. Ukoo wa watu mia tatu ulikaa ukachagua wakubwa wake kumi, ukidhani umechagua wasimamizi. Kisheria umechagua wenye mali. Kumi wale wangeweza kuuza, kuweka rehani, kukopa dukani, na wale mia mbili na tisini hawakuwa na pa kusemea. Kitalu cha Heretaunga huko Hawke's Bay, miongoni mwa ardhi nzuri kuliko zote nchini, kilikwenda hivyo hivyo: wenye hati walikuwa kumi, madeni ya dukani yakapanda, na kufikia 1870 kimeuzwa. Sheria ya 1867 iliruhusu majina mengine yaandikwe pia kwenye kumbukumbu, lakini mahakama haikuitumia sana. Halafu 1873 sheria ikageuka upande wa pili: sasa kila mtu aandikwe, na kila aliyeandikwa awe na fungu lake binafsi ambalo mnunuzi anaweza kumfuata nalo peke yake, nyumbani kwake, usiku.

Na kuna hukumu moja ndogo iliyonisumbua zaidi ya sheria hizo kubwa, kwa sababu ndiyo iliyozaa daftari langu. Mwaka 1867 jaji mkuu wa mahakama hiyo, Francis Fenton, aliamua kwamba mwenye hisa akifa, watoto wake wote warithi sawasawa, wawe wanaishi kwenye ardhi hiyo au hawaishi. Kwetu sisi tuliozoea mirathi hilo linasikika kama haki yenyewe. Lakini kwa Wamaori haki ya ardhi ilihitaji kuwekwa hai. Wanaiita ahi kā, moto unaowaka: aliyebaki akalima, akazika wafu wake pale, akakaribisha wageni pale, moto wake unawaka. Aliyeondoka kwa vizazi kadhaa, moto wake unafifia, na haki yake pia. Ndivyo ardhi ilivyojigawa na kujikusanya yenyewe, kizazi hadi kizazi. Mahakama iliondoa kukusanya ikaacha kugawa. Miaka mia moja na hamsini baadaye, mimi nimekaa na kikokotoo natafuta tarakimu ya saba nyuma ya nukta.

Hayo yote sikuyajua nilipoanza kazi. Nilikuta vurugu, nikataka kuipanga.

Mwaka wangu wa pili nilipeleka pendekezo kwenye mkutano mkuu wa wamiliki. Nilikuwa nimelitayarisha kwa wiki tatu, na niliamini ni jema. Nilionyesha kwamba gharama ya kumwandikia mwenye hisa ndogo, bahasha, stempu na muda wa karani, inazidi gawio lake. Nikapendekeza amana izinunue hisa hizo zote kwa bei ya haki, wenyewe walipwe mara moja, majina yafutwe, na daftari lipungue hadi theluthi. Nikaziita hisa zisizo na tija.

Mama mmoja mtu mzima alisimama nyuma ya ukumbi. Sisi wote tulimwita Whaea, ndivyo wanavyomwita mama au shangazi unayemheshimu. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, neno hilo umelitoa wapi?"

Nikajibu, "Nimelitafuta mwenyewe, Whaea."

"Hukulitafuta. Lilifika hapa zamani, kabla yako. Mama yangu alikuwa na hisa kwenye kitalu kile cha ng'ambo ya mto. Serikali ilisema thamani yake haifiki pauni 25, kwa hiyo haina tija. Ikachukuliwa, akapewa hela. Alitununulia viatu vya shule. Toka siku hiyo, kwenye ardhi lilipozikwa kondo lake, akawa mgeni."

Akakaa. Hakuna aliyenikemea. Mwenyekiti aliomba ajenda inayofuata, na mama mwingine akanishika mkono tulipotoka kwenda kunywa chai. Lakini usiku ule nilisoma mpaka adhana ya alfajiri ikalia kwenye simu yangu, na nikakuta kila alichosema. Sheria ya Mambo ya Wamaori ya 1953 ilimpa Mdhamini wa Wamaori, ofisa wa serikali, mamlaka ya kuchukua kwa lazima hisa zenye thamani isiyozidi pauni 25 mirathi inapofunguliwa. Sheria ile iliziita kwa jina karibu sawa na nililotumia mimi. Hoja zake zilikuwa hoja zangu: daftari limejaa, gharama zinazidi faida, hisa zimekuwa vipande. Utaratibu huo ulidumu hadi 1974, na katikati, mwaka 1967, sheria nyingine ikageuza kwa lazima ardhi iliyokuwa na wamiliki wanne au pungufu kuwa ardhi ya kawaida, iliyo rahisi kuuzwa. Watu wengi hawakujua kwamba wametolewa mpaka siku walipokwenda kwenye mkutano wakaambiwa jina lao halimo.

Neno la Kimaori la ardhi ni whenua. Neno hilo hilo ndilo la kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Mtoto akizaliwa, kondo hupelekwa kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo. Mimi niliyekulia kusikia watu wakisema kitovu chao kimezikwa Pangani au Muheza, nilipaswa kuelewa bila kufundishwa. Hisa ya jamvi moja, kwa mwenyewe, ni mahali pa kusimamisha miguu: ni haki ya kusema kwenye marae, ya kuzikwa na wazee wake, ya kuwa mwenyeji mahali fulani chini ya jua. Niliipima kwa bei ya stempu.

Siku ya tatu Whaea alikuja ofisini na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na nakala za karatasi za mpango wa uendelezaji wa ardhi yetu, alizozikusanya marehemu mume wake. Akaniambia nizisome zote kabla sijaandika pendekezo lolote tena. Ilinichukua miezi minne, jioni kwa jioni.

Ili karatasi zile zieleweke, nimtaje mtu mmoja ambaye picha yake imo katika noti ya dola 50 ya nchi hii. Āpirana Ngata alizaliwa 1874 Te Araroa, akawa Mmaori wa kwanza kumaliza shahada katika chuo kikuu cha New Zealand, akasomea na sheria, akaingia bungeni. Aliona jambo moja kwa uwazi: walowezi walikuwa wanakopeshwa na serikali tangu sheria ya mikopo ya 1894, wanasafisha msitu, wanapanda nyasi, wananunua ng'ombe, wakati Mmaori mwenye ardhi yenye majina mia mbili hakopesheki, kwa kuwa hati yake haishikiki kama rehani. Kisha ardhi yake ikibaki kichaka, anaambiwa haitumii, na inanunuliwa. Ngata alipokuwa waziri wa mambo ya Wenyeji, mwishoni mwa 1928, alipitisha sheria ya 1929: serikali itatia fedha kwenye ardhi ya Wamaori bila kungoja hati zinyooke. Itatangaza eneo, italisafisha, italipanda nyasi, itaweka mifugo, na ukoo utafanya kazi. Gharama zitakuwa deni la ardhi.

Ilifanya kazi, na sitaki mtu aniambie haikufanya. Horohoro karibu na Rotorua ulikuwa miongoni mwa mipango ya mwanzo. Waikato, Te Puea Hērangi aliongoza watu wake kuirudia ardhi kidogo waliyobakiziwa baada ya utaifishaji. Kwa Ngāti Porou, kabila la Ngata mwenyewe, kiwanda cha siagi kilikuwa kimeshaanza Ruatoria tangu 1925. Mahali pengine ng'ombe walikonda na kufa bila sababu kujulikana kwenye udongo wa majivu ya volkano, hadi miaka ya 1930 ilipogundulika kwamba malisho yamekosa madini ya kobalti, na vijana wa Kimaori walioambiwa hawajui kilimo ndio waliokaa na mifugo ile wakati wote huo wa shida. Mwaka 1933 Ngata na Gavana Jenerali Bledisloe walianzisha kombe la Ahuwhenua kwa mkulima bora wa Kimaori. Linashindaniwa hadi leo, na kila mwaka ofisi yetu yote huangalia matokeo.

Kasoro ilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ardhi ikishatangazwa kuwa ndani ya mpango, wenye ardhi hawakuruhusiwa kuitumia haki yao yoyote ya umiliki bila idhini ya serikali. Na mwaka 1934 tume ya uchunguzi ilipokuta hesabu za idara yake zimevurugika, Ngata alijiuzulu, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa udhibiti zaidi: bodi, wakaguzi, vibali. Aliyekuwa akifika mwenyewe kwenye marae na kukaa na wazee usiku kucha alibadilishwa na barua zenye nambari ya jalada.

Ndizo nilizokuwa nazo sandukuni. Safu ya kushoto ya leja: seng'enge, nguzo, misumari, mbegu za nyasi, mbolea ya supafosfeti, ujira wa kufyeka, madume wawili. Safu ya kulia: malai yaliyouzwa kiwandani, na chini yake kiasi kilichokatwa kulipia deni kabla hela haijamfikia mkulima. Na chini ya kila mwaka, kwa wino mwekundu, riba. Nimezoea kusoma leja kama wengine wanavyosoma magazeti, na hii niliisoma nikasimama mara nyingi. Kuna miaka ambayo deni lilipungua vizuri, halafu mwaka unaofuata linaruka: msimamizi ameagiza uzio mpya, au ghala, au amebadilisha aina ya ng'ombe. Nilitafuta mahali wamiliki walipoulizwa. Sikupaona. Waliarifiwa tu, mwisho wa mwaka, jumla ya wanachodaiwa.

Katikati ya leja kulikuwa na barua moja ya mkono. Mzee mmoja anaomba kibali cha kulima tena bustani ya viazi vitamu pembeni mwa mto, pale walipolima wazazi wake, kwa ajili ya chakula cha wageni wa msibani. Maandishi yake ni mazuri, ya mtu aliyefundishwa kaligrafia shuleni. Jibu limepigwa chapa, mistari miwili: eneo hilo limekwisha kuhesabiwa kama malisho, ombi haliwezi kukubaliwa. Imesainiwa kwa niaba ya mtu mwingine. Mzee yule alikuwa mwenye ardhi. Jina lake lipo ukurasa wa pili wa daftari langu.

Sisemi waliosaini barua zile walikuwa wezi. Wengi waliamka alfajiri, walipita kwenye matope, waliwapenda watu wale. Nasema walilelewa kuamini kwamba mwenye mali hajui, na kwamba kumsimamia ni kumhurumia. Kule Taranaki imani hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ardhi iliyorudishwa kwa Wamaori baada ya utaifishaji iliwekwa chini ya mdhamini wa serikali, naye, kwa sheria ya 1892, akaipangisha kwa walowezi milele: mkataba unajirudia kila miaka 21, pango linakadiriwa kwa thamani ya ardhi kabla ya kuendelezwa, na mwenyewe hawezi kurudi. Mabadiliko ya sheria ya 1997 yaliyapeleka mapango hayo kwenye bei ya soko na kupunguza muda wa kuyapitia, lakini mikataba ya milele ingalipo. Kuna wajukuu wa Taranaki wanaopita kila siku kando ya mashamba yao wenyewe wakielekea kazini kwingine.

Upande wa msaada wa jamii ulifuata mkondo ule ule, na huko ndiko Whaea alikofanya kazi maisha yake yote, kwa hiyo mengi nimeyapata kwake. Pensheni ya wazee ilianza 1898, miongoni mwa za mwanzo duniani, hadi pauni 18 kwa mwaka. Mmaori alikuwa na haki nayo kwa maandishi. Lakini alipaswa kuthibitisha umri, na uandikishaji wa vizazi vya Wamaori haukuanza hadi 1913. Alipaswa pia kuonyesha mali yake, na mali yake ilikuwa hisa kwenye ardhi ya ukoo: haimpi shilingi, haiuziki, haikopesheki, lakini kwenye fomu inahesabiwa utajiri. Wengi walipunjwa, wakilipwa chini ya kiwango kamili kwa hoja kwamba Mmaori ana ardhi na maisha yake ni ya gharama ndogo. Hisa ile ile, basi, ofisi moja iliiona ndogo mno isiandikwe, na ofisi nyingine ikaiona kubwa mno mwenyewe asipewe pensheni kamili. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1938 ndiyo iliyoleta usawa katika maandishi.

Kilichofanya kazi kwa kweli ni pale watu walipojiendeshea mambo wenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kamati za makabila, chini ya mbunge Paraire Paikea, ziliandikisha askari, zikapanga mavuno na ajira nchi nzima. Vita vilipokwisha serikali, kwa sheria ya 1945, ilizichukua kamati zile ikaziweka chini ya idara na maafisa wake wa ustawi. Mwaka 1951 wanawake wakaunda Ligi ya Ustawi ya Wanawake wa Kimaori, rais wa kwanza Whina Cooper. Whaea alikuwa binti mdogo akimfuata mama yake mlango kwa mlango, wakiandika nani analala chumba kimoja na nani, nyumba ipi haina maji. Kwa takwimu kama hizo ndipo idara ilipokubali kwamba tatizo la nyumba mijini ni kubwa kuliko ilivyodhani.

Mijini, maana watu walikuwa wanahama. Mwaka 1945 kama robo tu ya Wamaori waliishi mjini. Kufikia 1986 walikuwa karibu asilimia 80. Ripoti ya J. K. Hunn, iliyotolewa 1961, iliona uhamaji huo kuwa jambo la kusukumwa mbele, na idara ikazihamisha familia, ikazitafutia kazi na nyumba. Nyumba mpya kijijini haikupata mkopo kirahisi, mjini ilipata. Hapo ndipo zilipopotea anwani ninazozitafuta mimi. Serikali iliwahamisha watu, kisha ikalalamika kwamba wamiliki hawaonekani.

Whina Cooper alikuwa na karibu miaka 80 alipoondoka Te Hāpua, ncha ya kaskazini kabisa, tarehe 14 Septemba 1975, akimshika mkono mjukuu wake. Yeye na waandamanaji wenzake walitembea takriban kilomita 1,000 wakafika bungeni Wellington tarehe 13 Oktoba. Madai yao yalikuwa kwamba isitoke hata ekari moja zaidi ya ardhi ya Wamaori. Mwaka ule ule liliundwa Baraza la Waitangi, na 1985 likapewa mamlaka ya kusikiliza malalamiko tangu 1840. Mwaka 1993 ikaja sheria tunayofanyia kazi sasa. Inasema wazi kwamba ardhi ni urithi ulioachwa na mababu. Kuiuza kunahitaji ridhaa ya wenye robo tatu ya hisa, na ndugu wa ukoo wapewe nafasi kwanza. Wadhamini wetu wanachaguliwa na wamiliki kwenye mkutano, mbele ya macho ya watu, kisha Mahakama ya Ardhi ya Wamaori ndiyo inayowateua rasmi.

Shamba letu lilirudishwa kwa wenyewe miaka ya 1980, likiwa bado lina deni la mpango. Wadhamini wa kwanza walilipa kwa miaka mingi kabla ya mwenye hisa yeyote kuona gawio. Benki bado inasita tunapotaka kukopa. Kijana wetu akitaka kujenga kwenye ardhi ya ukoo bado anapata tabu ambayo mwenzake aliyenunua kiwanja mjini haijui. Kuna vitalu vya majirani visivyo na njia, vimezungukwa na mashamba ya watu wengine, mwenyewe hawezi kufika kwake bila kuomba. Mambo haya sioni yakiisha katika umri wangu wa kazi.

Daftari halikupungua. Liliongezeka. Badala ya kununua hisa ndogo, wamiliki walikubaliana kwamba gawio lisilozidi kiasi fulani liingie mfuko mmoja: wa misiba, wa ada za wanafunzi, wa miwani na meno ya wazee. Jina linabaki, hisa inabaki, na mwenyewe akija anasomewa. Mimi nilipewa kazi ya kuwatafuta. Nimewapata wengine kupitia mazishi, kwa kuwa mtu aliyepotea miaka arobaini hurudi kuzika mama yake, na huwa nakaa jikoni na kalamu, nikiosha vyombo, nikiuliza nani ni mtoto wa nani.

Whaea alifariki mwaka juzi. Alikuwa na watoto watano wa kuzaa na mmoja wa kulea, whāngai, aliyemchukua kwa binamu yake akiwa na siku tatu. Tangu 2021 mirathi isiyo na ubishi inaweza kumalizwa na msajili bila kungoja jaji, lakini ya whāngai inahitaji kuulizwa desturi ya ukoo wenyewe. Wale watano walikuja ofisini pamoja, wakakaa kwenye viti vitano, wakaniambia andika sita. Niliandika sita. Fungu la kila mmoja likawa dogo zaidi, nikaongeza tarakimu moja nyuma ya nukta.

Najua nyumbani maafisa ardhi wako vijijini wakati huu, wanaandikisha hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na wenzao wa Kenya wanaandikisha ardhi za jamii chini ya sheria ya 2016. Wengine nimesoma nao. Nawaomba: fomu ikiisha mistari, ongezeni karatasi. Na kabla ya kufunga jalada, yasomeni majina yote kwa sauti mbele ya wenyewe, mwulize nani hajatajwa, mngoje jibu.